Muuguzi Aliyekimbia

Jumamosi hiyo soko la Bukoba lilikuwa limejaa senene, panzi wa msimu. Walikuwa wamemwagwa kwenye masinia, wa kijani na wa kahawia, wengine bado wanarusha miguu, na akina mama waliokaa nyuma ya masinia walikuwa wakinyonyoa mbawa kwa vidole vinavyong'aa mafuta. Sada alikuja kununua makopo mawili ampelekee mama yake Kagondo. Alivaa dera la zambarau na mtandio mweupe, ameutanda vizuri begani. Mtu akimtazama angesema huyu ni binti aliyetoka kuoga, hana neno na dunia. Lakini macho ni shahidi mvivu, huona nguo akadhani ameona mtu.

Mwuza vyombo wa upande wa pili akavuta kamba vibaya, na rundo la sufuria likaporomoka juu ya saruji.

Soko zima likacheka. Sada hakucheka, kwa kuwa Sada hakuwapo tena. Alikuwa chini ya meza ya ndizi, magoti yamefika kidevuni, kapu la mtu amelikumbatia kifuani kwa mikono miwili, na mguu wake wa kulia ameukaza kwenye ubao wa meza kama anayezuia kitu kisiingie.

"Huyu naye kaona nini?" akauliza mama wa senene.

"Labda kamwona mke mwenzie," mwingine akajibu, na kicheko kikaanza upya.

Mwanamume mmoja hakucheka. Alikuwa na miaka thelathini hivi, mrefu, shati la buluu lina madoa ya oili, mkononi kashika plagi mbili mpya za injini ya mtumbwi. Alichuchumaa mbele ya meza, akakaa mbali kidogo, hakumgusa.

"Dada, ni sufuria tu. Nimezikagua zote, hakuna hata moja iliyokufa."

"Niache."

"Nitakuacha. Ila hilo kapu ni la yule mama pale, na ndani kuna kuku. Unamnyima pumzi."

Sada akatazama. Kichwa cha mtetea kilikuwa kimetokeza kwenye ukindu, jicho limemtoka, kinamtazama kwa lawama kubwa. Kicheko kikampanda Sada kutoka mahali asipopajua, akacheka hadi machozi yakamtoka, akiwa bado chini ya meza. Ndivyo alivyofahamiana na Zahoro. Na kama angeoneshwa siku ile yaliyokuwa mbele, huenda angebaki pale pale chini, na kuku wake.

Walikunywa chai kwenye mgahawa ulio mkabala na soko. Zahoro alijieleza: mzaliwa wa Bukoba mjini, fundi wa injini za mitumbwi, anafanyia kazi kwenye visiwa vya Muleba, huja mjini kufuata vipuri.

"Na wewe, mama wa kuku?"

"Muuguzi."

"Hapa hapa mjini?"

"Muleba. Ile hospitali ya misheni kule bondeni."

Kikombe cha Zahoro kikasimama kabla ya kufika mdomoni. "Chai ya moto hii," akasema, akakiweka chini. Lakini alikuwa ameshaifikisha nusu, na Sada, ambaye kazi yake ni kutazama nyuso za watu, aliliona hilo, akaliacha lipite. Mtu akiwa na kiu ya kupendwa huacha mengi yapite.

*

Simu zilianza jioni ile ile.

"Hujambo, mama wa kuku?"

"Sijambo, daktari wa sufuria."

"Umekula?"

"Ndizi na dagaa."

"Dagaa hao wamevuliwa kwa injini yangu. Kila ukimtafuna mmoja, sema asante Zahoro."

"Walikuwa na mchanga."

"Mchanga si idara yangu, huo waulize wanaoanika."

Alimwita mama wa kuku, kisha akamwita kipenzi, kisha akamwita Sada wangu. Kila alipokuja bara walikutana, mara Bukoba, mara Kamachumu ambako hakuna aliyewajua. Alikuwa mtu wa maneno matamu na mikono yenye adabu. Sada alianza kula chakula akakimaliza. Mama yake alimwambia, "Mwanangu, uso umerudi," naye hakueleza umerudi na nani.

Lakini palikuwa na jambo. Zahoro hakufika hospitali hata siku moja. Alikuwa akimleta Sada kwa pikipiki hadi kwenye mikaratusi ya barabara kuu, hapo husimama.

"Si unishushe getini?"

"Breki zinanisumbua kwenye mteremko."

"Fundi, breki zimsumbue?"

"Kinyozi hajinyoi, mpenzi."

Akageuza pikipiki na kuondoka bila kutazama bondeni. Sada alidhani ana mke kisiwani, anaogopa kuonekana. Wazo hilo lilimuuma, akalimeza. Hata yeye alikuwa na lake.

Ni hivi. Mwezi wa nane, kabla hawajajuana, mchana wa saa nane, mtumbwi ulileta mwanamke kutoka visiwani, amechelewa kwa sababu ya upepo, amepasukiwa chupa tangu usiku. Jina lake Siti. Walimpokea wauguzi wawili, Sada na Benigna, na Siti akajifungua mtoto wa kike mzima. Kisha damu ikaanza kutoka, ikakataa kusimama. Benigna alibaki akilikandamiza tumbo la uzazi kwa mikono yake, Sada akatoka mbio kufuata damu maabara. Aliporudi na mifuko miwili kwapani, wanaume waliomleta Siti, waliokuwa wakisubiri koridoni, walikuwa wameshavunja vioo na kuingia leba na makasia. Sada aliwahi kitanda cha watoto. Akanyakua wawili, yule wa Siti na mwingine, akajifungia nao kwenye stoo ya mashuka. Alikaa humo saa nzima, na mifuko ile ya damu ikakaa kwapani mwake hadi ikapata joto la mwili wake. Siti alikufa. Benigna alivunjwa mkono mahali pawili. Vijana watatu wakakamatwa, wengine wakayeyuka.

Hayo kila mtu aliyajua. Ndiyo maana hospitali nzima ilimwita Sada mama wa watoto wawili, na mkurugenzi alimpa kanga na cheti.

Ambalo hawakulijua ni kwamba Benigna, mkono ukining'inia, alijikokota hadi kwenye mlango wa stoo. Alibisha. Aliita, "Sada, nifungulie." Mara tatu. Na Sada aliweka mguu wake kwenye mlango akaukaza, mpaka sauti ikaondolewa pale.

Ukuta wa leba ulipata rangi mpya ndani ya wiki moja. Watu hawakupakwa kitu. Mmoja alikuwa akitapika kila akivaa sare, mwingine aliomba ahamishiwe masjala, Abel mhudumu akawa anakunywa kabla ya zamu. Matroni Petronila, mama mtu mzima asiyepandisha sauti, alitazama hayo mwezi mzima. Kisha akaomba viti vya plastiki kumi na viwili, akavipanga nyuma ya chumba cha dobi, akatangaza kwamba kila Alhamisi saa tisa alasiri waliokuwa zamu siku ile watakaa hapo, na kazi zao zitashikwa na wengine.

"Sheria ni moja," alisema. "Sema la mkono wako. La mkono wa mwenzio mwachie mwenyewe. Na mtu akilia, asiambiwe ni mapenzi ya Mungu kabla hajamaliza. Mapenzi ya Mungu yapo, lakini tusiyafanye kitambaa cha kumziba mtu mdomo."

Watu walisema, kidogo kidogo, na usingizi ukawarudia wengine. Sada hakusema. Kila Alhamisi alikuwa akishika birika la chai na kuwamiminia wenzake, na alipofika kwa Benigna alimimina akitazama kikombe.

Na Zahoro alikuwa akiuliza sana juu ya Alhamisi hizo.

"Mkikaa huko mnasema nini?"

"Tunasema tuliyoyatenda."

"Na wale waliokuja, mnawataja?"

"Hatuwajui majina. Kwa nini, ni wivu huo? Wanaume ni Abel tu na mlinzi."

"Ndiyo, wivu," alijibu upesi, kama mtu aliyepewa mlango wa kutokea.

*

Mwezi wa pili Zahoro alisema anataka kumtuma mjomba wake Kagondo apeleke posa. Walikuwa Maruku siku hiyo, kwenye kibanja cha shangazi yake Sada, bi Rahima, ambaye alimkagua kijana kutoka viatu hadi nywele, akaridhika, akaenda na panga migombani kukata ndizi za mchana. Jikoni sufuria ya maharage ilishaanza kutokota.

"Kabla ya mjomba kuvaa kanzu," Sada akasema, "kuna kitu hukijui."

"Kila mtu ana kitu, mpenzi."

"Nisikilize. Ukiniita tena mpenzi sitaweza."

Walikuwa wameketi kwenye benchi karibu na mibuni, na nje ya kivuli jua lilikuwa likiwaka bila huruma.

"Chuoni tunafundishwa kwamba muuguzi hakimbii. Ukikimbia unawatia watu hofu. Unakimbia kwa mambo mawili tu, moto na damu. Miaka sita nilikuwa sijakimbia. Siku ile nilikimbia, mbele ya wanaume waliokaa koridoni, kwa sababu damu ilikuwa imefika kwenye viatu vya Benigna."

"Ulikuwa unakimbilia wapi?" Sauti ya Zahoro ilikuwa ndogo sana.

"Maabara. Damu ya kundi lake ilikuwapo, mifuko miwili."

"Alikuwa hajafa."

"Nani?"

"Huyo mama. Siti."

Sada hakushangaa kwamba amelijua jina, maana habari ile ilizagaa wilaya nzima. "Hajafa. Alikuwa anaongea. Aliniuliza amepata mtoto gani, nikamwambia ni wa kike, akasema baba yake ataringa. Dakika kumi, Zahoro. Tungepata dakika kumi tu za kumtundikia damu, angepona. Lakini nilisikia sauti nyuma yangu, sauti moja, ikisema, 'Muuguzi anakimbia, wamemuua.' Sikugeuka. Niliporudi palikuwa pameshaharibika."

Zahoro alikuwa amechuma buni moja mbichi, anaibana kati ya vidole hadi ikapasuka, na utomvu ukamtiririka, naye hakuona. Sada akadhani amemchosha, akaharakisha kufika kwenye lile lililomleta. Akamweleza stoo. Akamweleza kubisha, na jina lake lilivyoitwa mara tatu, na mguu.

"Huyo ndiye unayetaka kumtumia mjomba," akamaliza. "Sema kitu."

Zahoro akasimama. Uso wake ulikuwa na rangi ya jivu la kuni mbichi. "Nisamehe," akasema. Akavuka mibuni, akaiwasha pikipiki, akaenda.

Bi Rahima alirudi na mkungu kichwani. "Mgeni yuko wapi?"

"Ameondoka."

"Sufuria ikiwa motoni?" Akautua mkungu polepole. "Waitu, mwanangu, mtu haondoki hivyo ila amefikiwa na msiba. Kwao kumekufa nani?"

Maharage yaliungua siku hiyo, na harufu yake ikamfuata hadi Muleba.

*

Siku tisa simu ya Zahoro haikupatikana. Sauti ya mwanamke wa mtandao ilimwambia ajaribu tena baadaye, kwa upole ule ule, asubuhi na jioni, hata Sada akamchukia kama anayemjua. Hakuwa na shaka juu ya maana yake. Amesikia habari ya mguu, amemwona jinsi alivyo, amekimbia. Na kama mtu baki amemhukumu hivyo, aliyebisha mlango je?

Siku ya kumi aliomba ruhusa, akaenda nyumbani kwa Benigna.

Benigna alikuwa uani anapembua maharage. Mkono wa kushoto haukunyooka tena, alikuwa akiubana ungo kwa kiwiko. Alikuwa mkubwa kwa Sada kwa miaka kumi, mama wa watoto wanne, mtu wa kwaya.

"Karibu, mdogo wangu. Leo jua litazama mchana, umekuja kwangu."

"Dada Benigna, sikuja kukaa. Siku ile nilikusikia."

Benigna akaendelea kupembua.

"Ulibisha nikakusikia. Uliniita nikakusikia. Mguu wangu ulikuwa mlangoni."

"Najua."

"Unajua?"

"Ule mlango una uwazi chini. Nilikuwa nimelala sakafuni, Sada. Nilikiona kiatu chako."

Kuku wa Benigna walipita katikati yao wakiokota punje. Sada aliketi chini kwenye vumbi na dera lake safi.

"Miezi yote hii. Mbona hukusema kwenye kikao?"

"Matroni alisema tuseme la mkono wetu. Mguu wako haukuwa wangu wa kuusema."

"Umenisamehe?"

Benigna akaweka ungo chini, akalitafuta jibu bila haraka. "Wiki nyingine nimekusamehe. Wiki nyingine ukinimiminia chai natamani ikuunguze, naenda kuungama, hata padri amenichoka. Ungefungua wangeingia, na wale watoto wangekanyagwa. Kichwa kinajua. Mkono huu ndio haujui bado." Akamsukumia ungo. "Haya, shika. Mkono mmoja haupembui vizuri, nimetafuna mawe wiki nzima."

Walipembua hadi maharage yakaisha. Hawakukumbatiana. Usiku huo Sada alilala kama mawe yenyewe, mara ya kwanza tangu mwezi wa nane.

Asubuhi simu ikaita. "Naomba uje Bukoba," Zahoro akasema. "Nikisha kusema, ukitaka usinione tena."

*

Zahoro aliketi meza ile ile ya mgahawa, lakini mtu alikuwa mwingine. Mashavu yameingia ndani, ndevu hazina mpango. Hakuagiza chai.

"Sikukukimbia wewe," alianza. "Sikiliza, usinijibu kwanza. Siti alikuwa mke wa kaka yangu Bashiri. Mimi ndiye niliyeuendesha ule mtumbwi. Kutoka mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, hadi hospitali nilimbeba mgongoni, maana gari halikuwepo. Nilikuwa kwenye lile benchi la koridoni. Mlango ukafunguka, nikaona mtu wa gauni la kijani na kofia na barakoa anatoka mbio. Nilikuwa nimeshawahi kuona muuguzi anatembea, sikuwahi kuona anakimbia. Nikasema, 'Muuguzi anakimbia, wamemuua.' Sikushika kasia. Sikumpiga mtu. Nilisema hilo tu."

Nje mama mmoja alikuwa akimpigia mwenzake kelele juu ya ndoo. Sada alisikia kila neno la ugomvi ule.

"Tangu lini unajua?"

"Kwamba wewe ni wa hospitali ile, tangu siku ya kuku. Kwamba ni wewe uliyekimbia, na kwamba shemeji yangu alikuwa hai, tangu Maruku."

"Na siku ya kuku ukaagana na mimi, ukanipigia jioni."

"Nilidhani nikikutunza wewe, ile siku itajifuta."

"Bashiri anajua?"

"Bashiri anamlea mtoto kwa mama yetu. Kila siku anamwambia kwamba wauguzi walimuua mama yake. Na wale vijana watatu wako mahabusu kwa neno langu, hawajanitaja. Wananiona kaka mkubwa."

Sada akanyanyuka. Alitaka kumtukana, tusi likakosekana. Alitaka kulia, hakuona machozi. Alichokiona ni Siti kitandani, uso umeshaanza kuwa mweupe midomoni, akisema baba yake ataringa. Akatoka bila kuaga. Zahoro hakumfuata.

Siku tatu alikwenda kazini na kurudi. Alisali sala zake tano, na baada ya ile ya mwisho akabaki juu ya mkeka akimwambia Mungu mambo yasiyo na mpangilio. Alimchukia Zahoro asubuhi, mchana akamkumbuka alivyochuchumaa mbele ya meza bila kumgusa. Akajua kitu kimoja kilichomtisha: anaijua hali ya mtu yule, kama anavyoujua mguu wake mwenyewe. Mtu aliyetenda jambo kwa hofu, kwa dakika moja, kisha akalifunika kwa wema. Yeye alifunika kwa birika la chai. Mwenzake kwa mapenzi.

Siku ya nne Sada ndiye aliyepiga simu.

"Bado unataka kunioa?"

"Sina uso wa kutaka."

"Sikukuuliza habari ya uso. Kwa dini yetu mwanamke ndiye anayetaja mahari yake. Yangu nataja mwenyewe, usimtume mjomba."

"Taja."

"Nenda kwa Bashiri umwambie mkewe alikuwa hai, na ilikuwaje. Kisha Alhamisi saa tisa uje nyuma ya dobi, nimeshamwomba Matroni, naye amemwomba Benigna. Useme la mdomo wako mbele yao. Ukitoka hapo uende polisi kwa miguu yako."

"Sada, watanifunga."

"Huenda."

"Na utanisubiri?"

"Sijaahidi kitu, Zahoro. Nimetaja mahari."

*

Alhamisi alikuja. Alishuka mteremko kwa miguu, amevaa shati jeupe, jicho la kushoto limevimba hadi likafumba. Hakuna aliyemuuliza, ila Sada alitambua kwamba ametoka kwa Bashiri. Matroni alimwonesha kiti kilichokuwa peke yake.

Sada alisema kwanza. Mikono yake haikuwa na birika siku hiyo, akakosa pa kuiweka. Alisema juu ya mguu wake kwa sentensi nne, na wenzake waliomwita mama wa watoto wawili wakainamisha vichwa, mmoja akasogeza kiti chake nyuma kidogo, mwingine akasogeza chake mbele. Benigna alikuwa akitazama mikaratusi.

Kisha Zahoro akasimama. "Naitwa Zahoro. Siku ile nilikuwa kwenye benchi la koridoni. Mimi ndiye niliyesema wamemuua."

Kiti kikaanguka. Abel alikuwa ameshafika nusu ya njia, ngumi imekunjwa, mishipa imemsimama shingoni, na mlinzi hakunyanyuka kumzuia.

"Mwache amalize," Benigna akasema.

Abel akasimama pale pale, anahema. Zahoro alimaliza. Alisema alivyombeba Siti, alisema alivyoona mtu anakimbia, alisema neno lake, na alisema kwamba baada ya neno hilo alikaa kwenye benchi akaziba masikio. Hakuomba msamaha, Matroni alimwonya getini kwamba msamaha hauombwi pale, watu wasije wakalazimika kutoa wasichonacho. Alipoketi, mashine ya dobi iliendelea kuzungusha mashuka. Hakuna aliyesema pole. Matroni akamimina chai kikombe kimoja, akasita, akakiweka chini ardhini mbele ya miguu ya Zahoro. Hakikunywewa, wala hakikuondolewa.

Kituo cha polisi kilikuwa mwendo wa robo saa. Sada alitembea naye, hatua mbili nyuma. Hawakuzungumza ila mara moja, Zahoro aliposema, "Bashiri alinipiga, kisha akanishika akalia," na Sada akajibu, "Nimeona jicho."

Askari wa kaunta alisikiliza, akamwita mkubwa wake, mkubwa akasikiliza tena na kuandika kurasa tatu. Kisha akamwambia Zahoro avue mkanda, saa, na kamba za viatu, atoe simu na vilivyomo mfukoni. Zahoro akavipanga kwenye kaunta kimoja kimoja, vizuri, kama vipuri. Mfukoni mlikuwa na plagi moja. Akashikilia suruali yake kwa mkono, akamtazama Sada kwa lile jicho moja. Mlango wa ndani ukafungwa nyuma yake.

"Vitu hivi anapokea nani?" askari akauliza. "Ndugu yake yuko?"

"Nipe mimi."

Askari akavuta daftari kubwa, akaandika mkanda, saa, simu, plagi. Akainua kalamu.

"Wewe dada ni nani wake?"

Sada akaitazama ile saa juu ya kaunta, bado ina jasho la mkono wa mtu.

"Mchumba wake."

"Tangu lini? Hapa panataka niandike vizuri."

"Andika tarehe ya leo."